Kipande cha Roketi Kikianguka Shambani: La Kufanya

Tarehe 30 Desemba 2024, pete ya chuma yenye kipenyo cha takribani mita 2.5 na uzito wa karibu kilo 500 ilianguka katika kijiji cha Mukuku, Makueni, nchini Kenya. Shirika la Anga la Kenya lilieleza kuwa ilikuwa pete inayotenganisha sehemu za roketi. Sehemu za chini za roketi huachwa mapema na kuangukia karibu na njia ya kurushia, mara nyingi baharini. Za juu ndizo hubaki zikizunguka dunia, pengine kwa miaka, hadi hewa nyembamba ya huko izipunguze mwendo na kuzishusha. Nyingi huungua njiani, lakini pete nene na matangi ya metali ngumu ya titani huweza kufika ardhini, na Bahi au Kongwa, wilaya za Dodoma nchini Tanzania, hazina kinga.

Ukikuta kitu kama hicho katikati ya uwele wako, usikisogelee. Huenda bado kina moto, na tangi linaweza kuwa na mabaki ya hidrazini, mafuta ya roketi yenye sumu na harufu kali kama ya zizi lisilofagiliwa; ukiisikia harufu hiyo, umekwisha kusogea mno. Kaa upande unakotoka upepo, ambao kwa Dodoma mara nyingi ni mashariki, kisha waondoe watoto na mifugo.

Kukitambua si kazi ngumu kwa macho ya mbali. Kimondo, kama kile cha Mbozi, hakina nati, mshono wa kuchomelea wala namba zilizochongwa. Kisanduku chepesi kilichofungwa kwenye puto lililopasuka huenda ni kifaa cha kupimia hali ya hewa tu.

Mwarifu mtendaji wa kijiji au piga polisi kwa namba 112, ukitaja saa ya kuanguka na mahali penyewe. Piga picha kutoka mbali, na uandike majina ya walioshuhudia. Anayenunua vyuma chakavu atafika kabla ya mtaalamu, hilo sina shaka nalo. Usimuuzie, kwa kuwa namba zilizo kwenye chuma hicho ndizo huonyesha nchi iliyokirusha.

Kwa Mkataba wa Dhima wa mwaka 1972, mkataba wa kimataifa kuhusu hasara za vyombo vya anga, nchi iliyorusha chombo hulipa hasara kiliyosababisha ardhini bila kuhitaji kuthibitishwa uzembe, na madai hupelekwa na serikali kwa serikali, kwa kawaida ndani ya mwaka mmoja. Kanada ilidai baada ya setilaiti ya Kisovieti Kosmos 954 kuangukia ardhi yake mwaka 1978, na mwaka 1981 Wasovieti wakakubali kulipa dola milioni 3 za Kanada. Kwa hiyo bati lililotoboka lipigwe picha kabla fundi hajapanda juu, na mbuzi aliyekufa aandikwe kwa mtendaji kabla hajafukiwa.