Mambo ya kuzingatia kabla ya kuandika wasifu wa kuombea kazi ya ukocha

Makocha wengi wa huku Mbeya na Iringa huanza kuandika wasifu, au sivii kama tulivyozoea kuuita, wakiwa tayari wamekaa kwenye duka la steshenari, mkononi wakiwa na nakala ya mtu aliyeomba kazi ya uhasibu. Hujaza shule zote walizosoma tangu darasa la kwanza, na wanapofikia kazi ya uwanjani hubakiwa na mstari mmoja unaosema kwamba wanapenda michezo. Niliwahi kuwa katika kamati ya shule iliyokuwa ikitafuta mwalimu wa michezo, na iliniuma kuona watu niliowafahamu kuwa makocha hodari wakiwekwa kando kwa sababu karatasi zao hazikueleza walichokifanya.

Kwanza ijue kazi yenyewe. Shule inayoandaa wanafunzi kwa ajili ya UMISSETA, yaani mashindano ya michezo ya shule za sekondari, hutafuta mtu anayejua kulea vijana, kupanga mazoezi yasiyogongana na masomo na kutoa huduma ya kwanza, ilhali klabu ya ligi ya mkoa itauliza mapema zaidi kuhusu leseni na matokeo. Wasifu mmoja hauwezi kutumwa kote kuwili bila kubadilishwa, hata kama mwombaji ni yule yule.

Kazi kubwa, na ndiyo inayorukwa mara nyingi, ni kukusanya ushahidi. Tafuta madaftari yako ya mazoezi, ratiba za mashindano na orodha za wachezaji, kisha uandike kwa kila timu mwaka ulipoanza kuifundisha na ulipoondoka, umri wa wachezaji, idadi yao, cheo chako katika benchi la ufundi na hatua mliyofikia. Msimu wa 2013/14, Mbeya City ikiwa chini ya kocha Juma Mwambusi ilimaliza ya tatu katika mwaka wake wa kwanza wa Ligi Kuu. Sentensi kama hiyo, yenye msimu, timu na nafasi, haihitaji sifa yoyote ya kuisindikiza. Nawe usione haya ikiwa lako ni dogo kuliko hilo. Kuifundisha timu ya netiboli ya shule ya kata kwa miaka mitatu na kuifikisha ngazi ya wilaya, au kuendeleza mazoezi kati ya Novemba na Aprili wakati mvua imeujaza uwanja matope, ni kazi halisi ambayo msomaji ataiheshimu akielezwa uliifanyaje. Kama ulikuwa kocha msaidizi, andika hivyo hivyo, kwa maana mpira wa mkoani ni wa watu wanaofahamiana na cheo cha kujipachika hugundulika kwa simu moja.

Uangalifu huo huo unahitajika kwenye vyeti. Katika soka, leseni za ukocha za CAF, shirikisho la soka la Afrika, zinatofautiana kwa daraja, kuanzia D, C, B na A hadi Pro, hivyo taja daraja na mwaka kama vilivyoandikwa kwenye cheti, na semina ya siku chache uiite semina. Hakikisha pia kwamba majina yako yanafanana kwenye vyeti vya shule, cheti cha kuzaliwa na kitambulisho cha NIDA. Kwetu huku jina la ukoo linaloanza na Mwa- huweza kuandikwa kwa namna mbili katika karatasi mbili, na kulirekebisha kwa kiapo mbele ya wakili huchukua muda ambao hutaupata siku ya mwisho ya maombi.

Wadhamini wawe watu waliokuona ukifundisha, kama vile mwalimu mkuu, katibu wa klabu au kocha uliyemsaidia. Mchungaji au diwani anaweza kukusifia tabia lakini hawezi kueleza mazoezi yako yanavyokwenda. Waombe ruhusa kabla ya kuandika namba zao, uwaambie ni kazi gani unaiomba, na uhakikishe kwamba namba hizo bado zinapatikana, kisha ndipo uketi kuandika kurasa mbili, ukianza na timu unayoifundisha sasa na kurudi nyuma.