Kwenda Moroto kumaliza mambo ya marehemu ndugu yako

Mdogo wangu, aliyekuwa na duka Moroto, mji wa Karamoja kaskazini-mashariki mwa Uganda, alifariki huko katikati ya kiangazi, akazikwa hukohuko siku ileile, maana sisi Waislamu hatuchelewi kuzika. Wifi yangu alikuwa eda hapa Mbale, miezi minne na siku kumi, safari haikumhusu. Nikaenda mimi. Tangu nirudi nimeulizwa mara kadhaa jinsi ya kufanya, basi naeleza.

Anza na karatasi, na uzianzie nyumbani. Cheti cha kifo kinatoka NIRA, mamlaka ya vitambulisho na usajili, na ili ukipate unahitaji taarifa ya kifo kutoka hospitali, au barua ya LC1, yaani mwenyekiti wa kijiji au mtaa, kama mtu alifia nyumbani. Chukua pia barua ya LC1 wa kwenu inayosema wewe ni nani kwa marehemu, na kitambulisho chake. Kama ana pesa benki au kwenye simu, hayo hayatoshi: mtapita ofisi ya Administrator General, ile ya serikali inayoshughulikia mali za marehemu, kisha mahakamani mpewe usimamizi wa mirathi. Tafadhali usitoe pesa kwenye simu yake kwa kuwa tu unaijua namba ya siri. Kujitwalia mali ya marehemu bila idhini ni kosa kisheria, na ndugu wenyewe ndio watakaokushtaki.

Jambo la mgao limalizeni kabla hujapanda gari. Mtu akifa bila wasia, sheria ya mirathi iliyorekebishwa 2022 inampa mjane asilimia 20. Kwa faraidhi, yaani mgao wa mirathi wa Kiislamu, mjane mwenye watoto ana thumuni, sehemu moja ya nane. Kaeni na shehe na mtu wa sheria siku moja, chumba kimoja, wasije wakawaambia kila mmoja lake.

Njia ni mbili. Mimi nilipitia Soroti na Katakwi. Wengine hupita Muyembe na Nakapiripirit. Ondoka alfajiri, ufike jua lingali juu. Watu wa huku hupaita jangwa, lakini usitegemee mchanga mtupu. Ni nyika, miiba na vumbi jekundu, na mito ambayo kiangazi inabaki mchanga tu, wanawake wanachimba humo kupata maji. Beba maji yako, leso ya kufunika pua, na noti ndogondogo. Kabla ya kutoka nje ya mji uliza hali ya usalama siku hiyohiyo, si jana yake.

Sasa kosa langu. Siku ya kwanza nilifika dukani kwake nikafunga mlango kwa kufuli jipya. Kijana mmoja akaja akasema mizani ni yake, alimwazima marehemu. Nikamfukuza, tena kwa maneno. Kesho yake mama muuza mkaa wa jirani akanigeuzia mizani chini juu: jina la yule kijana limechorwa kwa msumari. Nilimfuata stendi kumwomba radhi mbele ya wenzake. Kwa hiyo usifunge wala usibebe kitu siku ya kwanza. Kaa nje ya duka, pokea pole, sikiliza. Siku ya pili mwite mwenyekiti wa LC1, hesabuni vitu pamoja, muandike, mtie sahihi.

Daftari la madeni ndilo lililonitoa jasho. Marehemu hakuandika majina. Aliandika "mama mwenye mbuzi kilema, sukari", "wa koti la jeshi, 14,000", "Tapac marumaru, turubai 2", yaani mtu wa machimbo ya marumaru ya Tapac. Nilimsomea mama wa mkaa mstari kwa mstari, yeye akicheka na kulia, akawatambua karibu wote. Anza na aliowadai? Hapana, anza na waliomdai yeye. Tangaza msikitini na sokoni kwamba anayemdai marehemu aje, kwa sababu deni la marehemu hulipwa kabla mrithi hajagusa shilingi.

Halafu kuna mali isiyo na karatasi kabisa. Mfanyabiashara aliyekaa Karamoja muda mrefu huwa na mifugo kwa rafiki. Uliza kwa upole. Mimi nilipelekwa kwa mzee mmoja huko Rupa, nikiwa na mkalimani, maana Kiswahili chake kiliishia kwenye salamu. Nilitandikiwa ngozi. Kile kigoda kidogo cha mbao, ekicholong, ni cha mwenyewe, usikikalie. Hatukuzungumza mbuzi mpaka chai ilipokwisha. Ndipo akawataja mmoja mmoja kwa rangi na mkato wa sikio: kumi na mmoja, wawili wamekufa, na ngozi zao akazileta nizione. Hakukuwa na karatasi, na sikuihitaji.

Ukitaka kuwasafirisha, unahitaji kibali cha daktari wa mifugo wa wilaya, na kukiwa na karantini hawatoki hata mmoja. Mimi niliwaacha. Nilimpa mzee shuka na sukari, tukakubaliana mbele ya LC1 kwamba ni wa watoto wa marehemu, na mkubwa wao aje likizo awajue kwa rangi.

Asubuhi ya kuondoka nilipita kaburini, nikasoma Yasini. Nilipofika stendi nikamkuta yule wa koti la jeshi ananisubiri. Pesa hakuwa nazo. Alinipa jogoo, amefungwa miguu, nikasafiri naye mapajani hadi Mbale.