Chambo kimebaki na mtumbwi umefika mwaloni: fanya hivi

Navua kwa ndoano Ziwa Victoria, upande wa Mwanza, na asubuhi nyingi tumerudi mwaloni tukiwa na chambo kingi kuliko samaki. Zamani nilikuwa namwaga tu pembeni ya mtumbwi, naenda kulala. Siku hizi simwagi hata kimoja, maana chambo nanunua, na kuna vingine ukivimwaga unaleta balaa usilolijua.

Hatua ya 1: Vua chambo kwenye ndoano kabla hujashuka

Fanya kazi hii mkiwa bado majini, mwenzako akipiga kasia. Ukiacha dagaa wamening'inia kwenye ndoano ukaanika kamba yako mchangani, atakayekuja kwanza ni kuku, halafu mtoto. Mimi nimewahi kulipa tetea wa jirani aliyemeza dagaa na ndoano yake. Alikuwa anataga, kwa hiyo bei haikuwa ya kuku wa kawaida.

Hatua ya 2: Tenganisha

Chukua vyombo vitatu: cha walio hai, cha waliokufa wakiwa bado wabichi, na cha waliooza. Aliyeoza utamjua: macho yamezama na kufanya ukungu, tumbo limepasuka, nyama ukiibonyeza inabaki na shimo la kidole. Usimchanganye na wabichi kwa kumwonea huruma. Mmoja huyo anaharibu ndoo nzima.

Hatua ya 3: Vifaranga vya kambare walio hai

Hawa ndio chambo chenye thamani kuliko vyote, kwa sababu sangara anapenda kitu kinachocheza, na wengi wetu tunawanunua kwa watu wanaofuga kwenye mabwawa. Uzuri wa kambare ni kwamba anaweza kuvuta hewa ya juu, si ya majini peke yake, kwa hiyo anavumilia ndoo ambayo sato angekufa humo mapema.

Jaza ndoo ya lita 20 mpaka zaidi kidogo ya nusu, basi. Usijaze pomoni, ataruka. Funika kwa kipande cha wavu ulichofunga kwa mpira, si kwa mfuniko uliobana, maana hewa ndiyo inayomweka hai. Weka kivulini. Asubuhi na jioni mwaga nusu ya maji, ongeza mapya. Kama una maji ya bomba yaliyotiwa dawa, yaache kwenye beseni wazi mpaka kesho yake ndipo uyatumie. Usiwalishe siku ya kwanza. Chakula kitachafua maji bure.

Jambo moja nililojifunza kwa hasara: watenge wakubwa na wadogo. Niliwahi kulaza ndoo moja yenye vifaranga vya kila saizi, asubuhi nikakuta wachache, wanene, wametulia. Kambare hula wenzake.

Na wakikuzidia, usiwamwage ziwani wala kwenye lambo la mifugo kijijini. Samaki wa bwawani huja na magonjwa na wadudu wake, na maji aliyosafiri nayo yanabeba mengine usiyoyaona. Mrudishie aliyekuuzia kama anakubali, mpe mvuvi anayetoka jioni, au mkaange.

Hatua ya 4: Furu

Furu, wale samaki wadogo wa ziwani tunaowatumia kama chambo: uliyemvua mwenyewe, yuko hai, na hujamchanganya na samaki wa kwingine: mrudishe palepale ulipomtoa, siku hiyohiyo. Nasema palepale kwa sababu. Ziwa hili limekuwa na mamia ya aina za furu, na wale wa kwenye miamba, tunaowaita mbipi, wapo wanaoishi kwenye mawe ya kisiwa kimoja tu. Wengine walishapungua vibaya miaka ya 1980, sangara aliyepandikizwa ziwani miaka ya 1950 na 1960 alipoongezeka. Sangara mwenyewe alifika kwa mkono wa mtu na ndoo. Kwa hiyo usimhamishe furu kutoka mawe haya kwenda yale, wala kwenda ziwa dogo la jirani.

Hatua ya 5: Waliokufa wabichi, tia chumvi

Barafu ni nzuri ukiwa nayo, ila umeme ukikatika umepoteza vyote. Chumvi haina bili.

1. Toa matumbo. Dagaa waache wazima, samaki mkubwa kata vipande virefu vya upana wa kidole.
2. Suuza, kisha chuja kwenye tenga mpaka maji yaishe kudondoka.
3. Pima: mafungu matatu ya samaki, fungu moja la chumvi ya mawe. Panga kwenye ndoo ya mfuniko, chumvi, samaki, chumvi, ukimalizia na chumvi juu.
4. Kesho yake mwaga maji yaliyotoka, ongeza chumvi kidogo, funika, weka pasipo jua.

Kinakaa wiki kadhaa. Nyama inakuwa ngumu kidogo, nayo ni faida, haichomoki kwenye ndoano kirahisi. Kiloweke nusu saa kabla ya kukitumia. Sikudanganyi, sangara hakipendi kama cha hai; hiki ni cha kambare wakubwa na cha siku usiyo na hela. Na ni chambo, si kitoweo, hasa kama kilishinda juani mtumbwini.

Hatua ya 6: Nyungunyungu na ugali

Nyungunyungu wafukie kwenye udongo wenye unyevu chini ya mgomba, utawachimbua tena. Ugali wa kuvulia sato wape kuku, ukishaukagua kwa vidole kama hauna ndoano.

Hatua ya 7: Kilichooza

Chimba shimo linalofika magotini, mbali na maji na mbali na njia, mwaga, tia majivu, fukia, weka jiwe juu ili mbwa wasifukue. Kukitupa ufukweni ni kuita makorongo na kenge, na pale penye mamba unamwita yeye pia, mahali ambapo akina mama watakuja kuchota maji.

Ndoo sugua kwa majivu na mchanga, mbali na ziwa, uianike juani kifudifudi mpaka ikauke kabisa ndipo uende nayo maji mengine.