Kutumia "put off" bila kukosea mahali pa "it"

1. Tazama kama kinachoahirishwa ni kitu, au anayetajwa ni mtu. Kwa kitu au shughuli, maana ni kuahirisha: "They put off the meeting", waliahirisha mkutano. Kwa mtu, tulia kwanza. "He put me off" yaweza kuwa alinipiga kalenda, alinikatisha hamu, au alinivuruga nikashindwa kuzingatia. Maneno ya jirani ndiyo huamua. Fungua kamusi ya Kiingereza kwa Kiingereza ya wanafunzi: "sth" ni kitu, "sb" ni mtu. Orodha za vitenzi mia vyenye tafsiri ya neno mojamoja zitakupoteza.

2. Usiichanganye na "call off", ambayo ni kufuta kabisa. Mkutano ukihamishiwa Ijumaa, ni "put off until Friday".

3. Weka kiwakilishi katikati. Makosa mengi yako hapa. Nomino ina uhuru: "put off the meeting" na "put the meeting off" zote ni sahihi. Kiwakilishi hakina uhuru huo: ni "put it off", kamwe si "put off it". Mwenye Kiswahili asishangae, maana katika "nimeuahirisha" ile -u- ya mkutano nayo imebanwa ndani ya kitenzi. Ukitamka, mkazo uangukie "off".

Uhuru wa nomino nao una kikomo. "Put the meeting we planned last month off" inachosha. Msomaji akifika "off" ameshasahau "put". Kirai kirefu kiweke nyuma.

Kisha kuna hali inayoonekana kuvunja kanuni. "The smell put me off my food" maana yake harufu ilinikatisha hamu ya kula. Hapa mtendwa ni "me", naye yuko katikati kama kawaida. Chakula ndicho kilichochukiwa, na hukaa baada ya "off". Ndiyo maana "put me off it" ni sahihi.

4. Kitenzi kinachofuata kichukue -ing: "put off paying". "Put off to pay" huletwa na ku- ya "kuahirisha kulipa". Ku- hiyo inataja tendo kama jina, na baada ya "off" Kiingereza hutaka -ing.

5. Wakati uliopita ni "put" vilevile. "Putted" ni ya kitenzi kingine, "putt", cha kupiga mpira kwenye gofu.

6. Kwenye barua rasmi, andika "postpone".