Nyumba ya ukoo isianguke: tulivyohesabu vitu vya babu hapa Tabora

Kila masika yakikaribia hunipigia mtu simu kutoka Urambo, Nzega au hapa hapa Isevya, na swali ni lile lile: "Dada, nyumba ya marehemu inavuja, ndugu hawaelewani, tuanzie wapi?" Wananiuliza mimi kwa sababu wanajua ya kwetu yalifika wapi. Sasa nimeyaandika, atakayeuliza tena nitamtumia.

Anzeni na kuhesabu. Msianze na kugawana, wala na nani alimtukana nani msibani.

Babu yangu mzaa baba alikuwa mwanangwa, yaani mkuu wa kijiji chini ya mtemi. Serikali ilipofuta utemi mwaka 1963, yeye na wenzake wakabaki na nyumba zao, miembe yao na heshima zao. Kwetu heshima ndiyo iliyotuponza. Alipofariki, chumba chake kikatiwa kufuli na hakuna aliyethubutu kuuliza kilichomo, maana mjukuu mwenye kuuliza anaonekana ana tamaa. Kilikaa hivyo miaka kumi na tisa. Siku tunakifungua, baba mkubwa akishika tochi, tulikuta mchwa wamepanda ukutani mpaka darini. Kanzu ya joho ilipoguswa ikamwagika kama majivu. Sanduku la bati lilikuwa zima, na ndani yake hati ya kiwanja imeliwa pembe mbili, namba tu ndiyo ilisomeka. Kiti cha mninga hakikuwa na hata tobo. Tulikaa sakafuni tukacheka, halafu shangazi akaanza kulia.

Mimi nilikuwa na mfano kichwani tangu ujana. Nilifanya kazi ya ukarani kwenye duka la vitambaa la mzee mmoja wa Kihindi, wazazi wake walitoka Kutch, na jioni tukifunga hesabu alipenda kunisimulia habari za wafalme wa kwao. Kulikuwa na mmoja, alisema, aliyekandamizia karatasi mezani kwa almasi. Nikadhani ni porojo za kusubiria magharibi. Baadaye nikaja kusoma mwenyewe, kumbe kweli: Mir Osman Ali Khan, Nizam (ndivyo walivyoitwa watawala) wa saba wa Hyderabad huko India, ambaye jarida la Time lilimweka jaladani Februari 1937 kama mtu tajiri kuliko wote duniani. Almasi yenyewe ina karati karibu 185, na inasimuliwa kuwa aliikuta ndani ya kiatu cha marehemu baba yake. Kiatu! Kwa hiyo mnapohesabu, kung'uteni viatu, fungueni mito, pekueni mifuko ya makoti. Sisi risiti ya shamba tuliipata ndani ya msahafu.

Namna ya kuhesabu ni hii. Chukueni daftari la kurasa nyingi, mtu mmoja aandike, mwingine apige picha, na wa tatu awe mtu asiyerithi chochote: jirani, mjumbe, hata imamu. Kila kitu kipewe namba. Msidharau sufuria. Halafu chora mistari ugawe ukurasa safu tatu: vyetu, tunavyodaiwa, na tunavyopewa.

Safu hii ya tatu watu huiruka, na ndiyo iliyowaangusha wakubwa. India ilipopata uhuru mwaka 1947 ilikuwa na watawala wa jadi zaidi ya 500. Walikubali nchi zao ziingie kwenye taifa, na katiba ikawaahidi posho ya kila mwaka. Wa Mysore alipangiwa rupia milioni 2.6, na yule wa Katodia, kisehemu kidogo kabisa, rupia 192 kwa mwaka mzima. Wengi waliendelea kuishi kana kwamba posho ni mali: magari, watumishi, farasi. Mwaka 1971 Bunge likarekebisha katiba, posho na vyeo vikafutwa pamoja. Kwetu "posho" ilikuwa pesa aliyotuma baba mdogo kutoka Dar kila mwisho wa mwezi. Alipostaafu, ndipo tukagundua tulikuwa hatujawahi kuezeka paa kwa hela yetu wenyewe.

Mkishahesabu, itisheni kikao cha ukoo. Muhtasari uwe na majina ya warithi wote na sahihi zao, pamoja na mabinti walioolewa mbali. Mteueni msimamizi wa mirathi, aende mahakama ya mwanzo na huo muhtasari na cheti cha kifo. Asiwe mwenye sauti kubwa. Awe mwenye kuweka risiti. Akishapewa barua ya usimamizi ana miezi 4 ya kupeleka mahakamani orodha ya mali na madeni, ile Fomu namba 5. Hapo daftari lenu litakuwa limeshamaliza nusu ya kazi. Kwenye foleni wengine walikuwa wanakisia idadi ya ng'ombe kwa vidole.

Pesa za pamoja zisikae kwenye simu ya mtu. Binamu yetu alitunza mauzo ya maembe ya misimu miwili, na sitasema zaidi. Nizam naye, Septemba 1948, majeshi ya India yalipoingia Hyderabad, pauni zake milioni 1 na kidogo zilihamishiwa akaunti ya balozi wa Pakistan huko London. Siku chache tu akazitaka zirudi, benki ikagoma bila ridhaa ya mwenye akaunti. Mahakama ya London iliamua Oktoba 2019 kuwa ni haki ya upande wa India na warithi wake, zikiwa zimefika kama pauni milioni 35, yeye mwenyewe akiwa kaburini tangu 1967. Fungueni akaunti ya kikundi yenye watia sahihi watatu. Basi.

Wosia nao msiufanyie mchezo. Sisi Waislamu hauvuki theluthi moja, na mrithi haandikiwi. Kwa wanaofuata sheria za mila, ajuaye kusoma anahitaji mashahidi wasiopungua wawili, mmoja wa ukoo na mmoja wa nje, asiyejua, wanne. Raja wa Faridkot, mwingine wa watawala wale wa jadi wa India, alifariki 1989, ukatokea wosia uliopeleka mali zote kwenye taasisi, binti yake mkubwa akapinga. Mahakama ilikuja kuutamka wa kughushi mwaka 2013, na Mahakama Kuu ya Rufaa ya nchi ikafunga mjadala 2022. Pigeni hesabu ya nauli za wakili kwa miaka hiyo yote.

Mwisho kuna nyumba yenyewe. Ukiigawa vyumba, kila mmoja ataezeka chake kwa bati lake na mvua itapita katikati. Ushauri wangu ni iachwe nzima na itafutiwe kazi. Man Singh, mtawala wa jadi wa Jaipur huko huko India, aliigeuza Rambagh, kasri aliloishi, kuwa hoteli mwaka 1957, posho ikiwa bado inaingia. Mukarram Jah, mjukuu aliyemrithi Nizam, alikuta majumba, maelfu ya watumishi na kesi za ndugu wasiohesabika. Akaenda kufuga kondoo Australia, vito vikauzwa kwa serikali mwaka 1995, na alifariki Istanbul 2023. Kasri lake la Falaknuma likaja kuwa hoteli mwaka 2010, baada ya kukaa muda mrefu limefungwa.

Yetu ya Ipuli si kasri. Vyumba viwili vya mbele tumempangisha fundi cherehani na muuza asali. Kodi inaingia akaunti ya ukoo, na theluthi yake haiguswi isipokuwa kwa paa, dawa ya mchwa na kodi ya ardhi. Chumba cha babu kina funguo mbili, moja kwa shangazi, moja kwangu, na kinafunguliwa kila Juni kwa ajili ya kuhesabu upya. Kiti cha mninga ni namba 14. Kila mara fundi cherehani huniomba akikalie, na kila mara shangazi hukataa kabla sijajibu.