Karakana ndogo ya useremala: taka hupunguzwa kwa penseli kwanza

Hatua ya 1: Pima taka zako. Kwa wiki moja usitupe kitu. Weka magunia matatu: la unga wa mbao, la maranda na la vipande. Wiki ikiisha, yapime kwa mizani. Mimi nilikuwa nalaumu mashine ya randa miaka yote, kumbe gunia la vipande ndilo lililonishinda kulibeba peke yangu. Vipande vinatokana na kupima vibaya, kwa hiyo tuanzie hapo.

Hatua ya 2: Panga mikato kabla ya kuwasha msumeno. Orodhesha vipande vyote vya kazi, ukate virefu kwanza. Vifupi vitapatikana kwenye mabaki. Halafu hesabu kile ambacho msumeno wenyewe unakula. Tuseme una mbao ya sm 240 na unataka vipande 5 vya sm 48. Karatasini inatosha kabisa. Lakini diski ya msumeno wa mviringo hula kama mm 3 kila mkato. Mikato 4 ni mm 12, na kipande cha mwisho kitatoka sm 46.8. Hicho ndicho kinachoingia kwenye gunia, na mbao nyingine nzima inafunguliwa kwa ajili yake. Mafundo na nyufa nazo zizungushie chaki mapema.

Hatua ya 3: Uliza mbao imetoka wapi. Mpingo na jamii yake yote ya Dalbergia imo kwenye orodha za CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, tangu 2017, hivyo biashara yake ya kimataifa inadhibitiwa. Muuzaji asiye na karatasi, mwache.

Hatua ya 4: Tenganisha taka. Maranda ya mbao safi hufaa kutandikia kuku au kuweka chini ya miti kama matandazo. Unga wa mbao usiuchimbie bustanini ukiwa mbichi: vijidudu vinavyouozesha hunyang'anya mimea nitrojeni. Uchanganye na samadi, uache uoze kwanza. Mabaki ya MDF (ubao wa nyuzi za mbao zilizogandamizwa kwa gundi) na plaiwudi usiyachome, maana gundi yake hutoa moshi wenye sumu. Mbao zilizotiwa dawa ya shaba, kromiamu na aseniki ndizo mbaya zaidi, kwa kuwa aseniki hubaki kwenye majivu. Hizo hazichomwi wala hazitandikiwi mnyama.

Hatua ya 5: Vumbi lisitoke mlangoni. Funga kivuta vumbi kwenye mashine na uvae barakoa, hata kwa kazi ya dakika tano. Vumbi la mbao husababisha saratani ya pua. Usifagie sakafu ikiwa kavu.

Hatua ya 6: Tumia thina tena. Thina ya kuoshea brashi imimine kwenye chupa ya kioo, uifunge, uiache siku kadhaa. Rangi itatuama chini. Ile safi ya juu iweke kwa mwosho wa kwanza wa safari ijayo. Tope lipeleke panapopokelewa taka za sumu, kamwe si mtaroni.

Hatua ya 7: Vitambaa vya mafuta. Hapa naomba usome polepole. Mafuta ya linsidi, yaani ya mbegu za kitani, tunayopaka mbao, hukauka kwa kushikana na oksijeni, na kitendo hicho hutoa joto. Kitambaa kikifinyangwa, joto halina pa kutokea. Jioni moja nilitupa vitambaa viwili kwenye ndoo ya maranda nikaenda kunawa. Niliporudi kulikuwa na harufu kama ya mafuta yaliyoungua. Nikatia mkono, kitambaa cha ndani kilikuwa cha moto kuliko kikombe cha chai. Ningekuwa nimefunga mlango na kwenda nyumbani, nisingeikuta karakana.

Kila kitambaa kitandaze peke yake nje, juu ya saruji au waya, mpaka kikakamae kabisa. Kama huna nafasi, kizamishe kwenye kopo la bati lenye maji, ufunike kwa mfuniko wa bati, na kopo lilale nje.