"A-" ni nani? Kuchagua kiunganishi ili msomaji asimpoteze mtenda

Linganisha sentensi hizi mbili:

Asha alimuudhi Rehema kwa sababu alipiga kelele.
Asha alimuudhi Rehema, kwa hiyo alipiga kelele.

Katika ya kwanza kelele ni za Asha. Katika ya pili ni za Rehema. Kitenzi ni kilekile na kiambishi a- ni kilekile. Kilichobadilika ni kiunganishi peke yake. Anayehariri maandishi ya Kiswahili akilielewa hili, atarekebisha aya nyingi bila kurudia majina kila mstari.

Hatua ya 1: Tafuta penye hatari

Pigia mstari kila a-, wa-, -m- na -ye katika aya. Kisha jiulize: je, kabla yake kuna watajwa 2 wa ngeli moja na idadi moja? Kama hakuna, pita. "Gari liligonga mti na ukaanguka" haina shida, maana u- ni ya mti. "Mwalimu aliwaita wanafunzi wakaingia" pia ni safi. Lakini "Basi liligonga gari na likapinduka" inamwacha msomaji njia panda. Watu na wanyama ndio wasumbufu zaidi, kwa kuwa wote huchukua a- na wa-, na a- haitofautishi mwanamke na mwanamume.

Hatua ya 2: Kata sentensi

Ikate mara tu baada ya kiambishi: "Asha alimwogopa Rehema kwa sababu a…" Mpe mtu ambaye hajaisoma aimalizie. Akimalizia kwa "-likuwa mkali", amemchagua Rehema. Ikiwa wewe ulimkusudia Asha, msomaji wako atatangulia kwenye maana moja, kisha alazimike kurudi nyuma. Usijifanyie jaribio hili mwenyewe. Unajua jibu tayari, kwa hiyo hutaona utata.

Hatua ya 3: Pima kitenzi pamoja na kiunganishi

*Kwa sababu* hurudi nyuma kutafuta chanzo. Chanzo hicho hutegemea kitenzi. Kwa udhi, tisha, furahisha na omba radhi, msomaji humwendea mtenda. Kwa ogopa, sifu, chukia, pongeza na kemea, humwendea mtendwa. Watafiti wa lugha Garvey na Caramazza walieleza mwelekeo huu wa vitenzi mwaka 1974 kwa mifano ya Kiingereza, na vitenzi vyetu hivi huelekea kuvuta vivyo hivyo.

*Kwa hiyo* na *hivyo* hutazama mbele, kwenye matokeo, na mara nyingi humfuata aliyeguswa na tendo: "Asha alimkemea Rehema, hivyo akalia." Huu ni mwelekeo tu. Maana ya kitenzi kinachofuata inaweza kuupindua, ila kwa gharama ya msomaji kusita.

Hatua ya 4: Angalia huku, -ki-, -ka- na naye

Hapa Kiswahili kina zana nzuri ambazo waandishi wengi huziacha zikae bure.

"Asha alimwona Rehema akivuka barabara": anayevuka ni Rehema. Ongeza neno moja, "Asha alimwona Rehema huku akivuka barabara", na sasa anayeelekea kuvuka ni Asha. *Huku* humshikilia mtenda wa kwanza.

-ka- nayo hupenda kuendelea na mtenda yuleyule: "Asha alimsalimu Rehema, akaketi." Ukitaka kumkabidhi Rehema zamu, andika *naye*: "Asha alimsalimu Rehema, naye akaketi." Kosa la kawaida ni kutumia *naye* kama pambo, mtenda akiwa hajabadilika. Msomaji huhamia kwa mtu mwingine, aya nzima ikaenda kombo. Tahadhari pia: *naye* huweza kumaanisha "yeye pia", kwa hiyo usiiweke mahali ambapo maana zote mbili zinaingia.

Hatua ya 5: Ku- au a-?

Baada ya *ili*, ku- humrudia mtenda wa kishazi kikuu, na a- mara nyingi humwendea mwingine. "Asha alimpigia Rehema simu ili kumjulisha" (Asha anajulisha). "…Ili aje" (Rehema anakuja). *Kabla ya* na *baada ya* hufuata kanuni hiyo, na ndipo kosa hili hutokea: "Baada ya kumaliza mtihani, mwalimu aliwaruhusu wanafunzi watoke." Kisarufi, mwalimu ndiye aliyefanya mtihani! Andika: "Wanafunzi walipomaliza mtihani, mwalimu aliwaruhusu watoke."

Hatua ya 6: Kwamba na amba-

*Kwamba* haisaidii upande wowote. "Asha alimwambia Rehema kwamba amefaulu" haina jibu. Badili kitenzi: "Asha alimpongeza Rehema kwa kufaulu", au "Asha alimjulisha Rehema matokeo yake mwenyewe mazuri". Au tumia kauli halisi: "Nimefaulu," Asha alimwambia Rehema.

Kwa *amba-*, tatizo ni "mtoto wa mwalimu ambaye ni mgonjwa". Nani mgonjwa? Sogeza sifa: "mtoto mgonjwa wa mwalimu", au "mtoto wa mwalimu mgonjwa, yule anayetufundisha hesabu", kulingana na unachokusudia.

Utata ukibaki

Jaribu kwanza kubadili kiunganishi. Pili, *naye* au *huyo*. Tatu, kauli ya kutendwa, ili mhusika wako atangulie: "Rehema alikemewa na Asha, akalia." Jina lirudie mwisho, na si kwa sababu ni aibu kulirudia. Jina lililorudiwa bila haja, kama "Asha aliingia, kisha Asha akaketi", humfanya msomaji adhani ametokea Asha wa pili. Ila kwenye mkataba au maelekezo ya dawa, rudia jina au cheo kila mara hata kama sentensi itakuwa nzito. Humo, kusita kwa msomaji ni hatari kuliko uzito wa sentensi.